Simu inapaa, laptopu inatambaa: uongo tunaodanganyana kuhusu waifai ya nyumbani

Juzi juzi hapa dada yangu, anakaa Ngamiani barabara ya 14 hapa Tanga, kanipigia saa mbili usiku na sauti ile ya mtu aliyechoka kabla hajaanza kusema. "Mdogo wangu njoo unitazamie hii laptopu, waifai imenishinda." Namuuliza imekushinda vipi, na nyuma yake nasikia watoto wanacheka na katuni zao YouTube kwenye simu, hazikwami hata kidogo. Anasema hiyo simu, mie nakwambia laptopu. Kumbe kwa wiki mbili nzima alishafanya kila alichoambiwa na watu, kaongeza kifurushi kutoka megabiti 20 kwenda 40, kamgombeza kijana wa huduma kwa wateja mpaka kijana kaomba radhi kwa kosa lisilo lake, kaita fundi na fundi kamwambia mashine ipigwe windo upya, yaani ifutwe yote na kuwekewa Windows mpya. Nikachukua baiskeli yangu nikatoka Chumbageni, sababu nilidhani kazi zake zote za masomo zimo ndani ya laptopu na sikutaka mtu aifute.

Sasa yale aliyoambiwa ndo hayohayo tunayoambiana mtaani kila siku, afu mengi si kweli au ni kweli nusu. Nayapitia.

"Kampuni inatuibia, au mkongo umekatika tena"

Hii ndo huwa ya kwanza. Na sikatai, mkongo wa baharini, ule waya mkubwa unaotuletea intaneti, huwa unakatika kweli, Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu kwa pamoja na nchi nzima ikahema. Lakini kumbuka siku zile ilikuwaje: alilia mwenye simu, akalia mwenye laptopu, akalia na jirani wa Kenya. Mkongo haubagui. Ukiona ndani ya nyumba moja, waifai ileile, simu inapaa na laptopu inatambaa, usiende kutafuta ugonjwa baharini, ugonjwa uko kwenye hiyo laptopu au kwenye zile hatua chache kati yake na rauta, kile kiboksi kinachorusha waifai.

Kabla hujampigia mtu yeyote simu fanya hivi. Kaa na laptopu palepale inaposumbua, weka simu juu ya kibodi, pima spidi kwa simu, ikimaliza ndo upime kwa laptopu, usipime vyote pamoja maana vitagombania. Ya dada simu ilisoma megabiti 38, laptopu ikasoma 2. Mbili! Halafu ukafungue lile dirisha jeusi la kuandikia amri (Command Prompt), andika `ping 192.168.1.1` (rauta nyingine ni 192.168.0.1 au 192.168.8.1, geuza rauta usome stika ya chini). Hiyo amri inatuma kiujumbe kidogo kwa rauta na kuhesabu kinachukua muda gani kwenda na kurudi. Si tunasema Tanga waja leo warudi leo, basi kiujumbe nacho kinatakiwa kiwe hivyohivyo, rauta iko chumba cha pili tu, ndani ya milisekunde chache kiwe kishagonga hodi na kurudi. Cha kwake kilirudi kwa 180, kinachofuata 400 na kitu, kinachofuata hakikurudi. Hapo intaneti yenyewe haijaguswa bado, tuko ndani ya nyumba, hatujafika hata barazani. Kwa hiyo zile hela alizoongeza kwenye kifurushi zilikuwa zinapanua barabara ya nje wakati mlango wa ndani umekwama.

"Mistari ya waifai imejaa, kwa hiyo netiweki iko poa"

Hapa ndo watu wengi wanapotea na mimi nilipotea pia, maana nilipotazama ile alama pale pembeni mistari ilikuwa imejaa yote.

Ile mistari inapima ukubwa wa sauti ya rauta tu. Haipimi kama laptopu inaelewa kinachosemwa. Kaa harusini karibu na spika la taarabu, shangazi yako anakusemesha sikioni kwa nguvu zote, sauti unaisikia lakini maneno huyapati, unabaki "eti?" "eti shangazi?" naye anarudia. Laptopu na rauta zinafanya vilevile, kila kipande kisichofika sawasawa kinarudiwa, na kurudia ndo kunakula spidi, afu zikiona hazielewani zinakubaliana kusema polepole.

Ile spidi waliyokubaliana unaweza kuiona. Dirisha lilelile jeusi, andika `netsh wlan show interfaces`, shuka chini utaona mstari wa kasi ya kupokea (Receive rate) na mstari wa nguvu ya mawimbi kwa asilimia (Signal). Kwa dada nguvu ilikuwa asilimia 91, kasi ya kupokea 6.5. Nikasema eh! Ile ni kadi ya waifai ya kizamani ya antena moja na ya aina ile ikiwa vizuri inafika 65 au 72, yenyewe inakokota ngazi ya chini kabisa. Sauti kubwa, maelewano sifuri. Maana yake kuna kelele, na kelele iko karibu.

"Simu na laptopu ziko waifai moja, basi zinapata kitu kimoja"

Jina moja siyo njia moja. Rauta nyingi za sasa zinarusha masafa mawili, 2.4GHz na 5GHz. Ile 2.4 inafika mbali na inapenya kuta vizuri lakini imejaa watu, ina chaneli tatu tu zisizokanyagana, ya 1, ya 6 na ya 11, sasa fikiria Ngamiani nyumba zinavyobanana na kila nyumba ina rauta yake, Bluetooth humohumo, maikrowevu humohumo. Ile 5 ina nafasi kubwa na ina kasi, ila ukuta wa pili tu ishaanza kuchoka.

Simu ya dada ilikuwa inakula 5. Laptopu yake haijui hata kama 5 ipo. Utajuaje yako: kama rauta inatoa majina mawili na lile la 5 linaonekana kwenye simu ila kwenye laptopu halitokei kabisa ukiwa palepale, kuna uwezekano mkubwa kadi ya laptopu ni ya 2.4 peke yake, na hapo hakuna setingi wala draiva (ile programu ya kuendeshea kadi) itakayokupa 5, labda ununue kile kidude kidogo cha waifai cha kuchomeka USB chenye masafa yote mawili. Mtu asikudanganye kwamba ni apdeti.

"Itakuwa virusi tu, piga windo"

Fundi anapenda hii kwa sababu analipwa kwa hii, nasema tu ukweli. Virusi vya kula netiweki vipo, sawa, lakini kabla hujafuta mashine nzima bonyeza Ctrl, Shift na Esc, fungua orodha ya programu zinazoendelea, bonyeza juu ya safu ya netiweki zijipange kwa matumizi. Mara nyingi utamkuta mwizi mchana kweupe: Windows inajidaunlodia apdeti, au OneDrive, ile ghala ya mtandaoni ya Windows, inapandisha picha elfu za harusi, na kupandisha kukijaa hata kushusha kunakwama kwa sababu kila unachoshusha lazima laptopu ijibu "nimepata" na jibu linakaa foleni. Windows 10 na 11 pia zina tabia ya kugawia kompyuta nyingine apdeti ilizokwisha kushusha, kipo kipengele kwenye setingi za apdeti, kizime. Na VPN, ile programu ya kupitishia intaneti yako nchi nyingine! Mtu kawasha VPN mwaka jana kwa jambo lake kasahau, kila anachofungua kinazungukia Ulaya kwanza.

Kupiga windo kunaweza hata kuzidisha, maana windo mpya inajiwekea draiva ya jumla jumla ya kadi ya waifai. Draiva chukua kwenye tovuti ya walioitengeneza hiyo laptopu, kwa modeli yake kamili.

Ya dada orodha ilikuwa safi. Hakuna kitu kinachokula.

"Kifaa cha USB hakihusiani na waifai"

Sasa sikiliza. Pembeni ya laptopu, upande wa kushoto, palikuwa na ile diski ya nje, eksteno, imechomekwa kwenye tundu la USB lenye ulimi wa bluu ndani, na waya wake mfupi kama kidole umelala usawa wa bawaba ya skrini. Nikamuuliza hii ina nini, akasema masomo yangu yote nimehamishia humo laptopu ilikuwa imejaa. Tangu lini? Kama wiki mbili hivi.

Wiki mbili!

Nikaichomoa. Nikaandika ile amri tena, kasi ya kupokea ikasoma 65. Nikapima spidi, 33. Nikairudisha, ikaporomoka. Nikaichomoa tena, ikapanda. Dada kanitazama kama nafanya mazingaombwe.

Siyo uchawi. USB 3, ile ya ulimi wa bluu, ikiwa kazini inatoa kelele ya redio inayoangukia humohumo kwenye 2.4GHz, kelele inavuja kwenye waya, kwenye tundu na kwenye diski yenyewe. Intel waliliandikia waraka hili mwaka 2012, si jambo la kubuni. Na antena za waifai za laptopu nyingi zimepitishwa kwenye fremu ya skrini, kwa hiyo ile diski ilikuwa imekaa kama lile spika la taarabu, sikioni kabisa. Simu haikusumbuka sababu yenyewe iko 5 na kelele hii haifiki huko.

Dawa ni rahisi: sogeza diski mbali kwa waya mrefu kidogo wenye ngozi nzuri ya kuzuia kelele, au tumia tundu la upande wa pili, au lile la USB 2 la ulimi mweusi kama huna haraka ya kuhamisha mafaili makubwa, au hamia 5GHz kama laptopu inaweza. Kama unatumia kile kidude cha waifai cha USB usikichomeke ubavuni mwa diski, ndo kuviweka kitanda kimoja.

Nyingine za harakaharaka

"Nalipia 40 lakini inashusha 5 tu." Hapana ndugu, 40 ni megabiti na 5 ni megabaiti, gawanya kwa nane, unapata chako chote.

"Badilisha DNS weka 8.8.8.8 spidi itapanda." DNS ni kitabu cha namba za simu tu, ikiwa mbovu kurasa zinachelewa kuanza kufunguka, ila faili likishaanza kushuka halijali.

"Nunua ripita." Ripita ni kile kidude cha kurudia waifai ifike mbali, na zile za bei ndogo zinapokea na kurusha kwa redio moja, zinakata spidi karibu nusu. Kwanza itoe rauta nyuma ya tivii. Vioo vya kabati, friji na simtanki la maji vikikaa katikati vinazuia vibaya, maji hasa yanameza.

"Pasiwedi ni pasiwedi tu." Hii wengi hawaijui: rauta ikiachwa kwenye usalama wa zamani wa WEP au TKIP, sheria za waifai haziruhusu kasi mpya, unafungiwa megabiti 54 hata kadi iwe nzuri vipi. Weka WPA2 ya AES au WPA3.

"Jirani anatuibia waifai." Labda, ila angeiba mngeumia wote, asingemwonea mtu mmoja.

Usiku ule nikamtafutia dada waya wa mita moja, diski sasa inakaa kwenye kistuli kando ya cherehani. Akaniuliza ile hela ya kifurushi cha 40 anairudishaje maana 20 ingemtosha kabisa, nikamwambia hiyo hairudi, na nikala wali wake wa nazi nikaondoka kabla hajakumbuka kuwa wa kwanza kumwambia aongeze kifurushi nilikuwa mimi.