Putin, KGB na njia ya kwenda Kremlin: yanayosemwa na yaliyotokea

Ipo picha isiyochoka kuzunguka kwenye simu za watu wa ukanda wetu. Ni ya zamani, haina rangi, na inamwonyesha kijana wa Kizungu akiwa na wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Maelezo yake husema huyo ni Vladimir Putin, mwaka 1973, kambini Tanzania, pamoja na Samora Machel wa Msumbiji na Emmerson Mnangagwa wa Zimbabwe. Wengine huongeza kwamba alikaa nchini miaka minne akiwafundisha wapiganaji mbinu za vita. Kila Urusi inapotawala vichwa vya habari, picha nayo hurudi, na watu wazima wenye heshima zao huisambaza.

Si kweli, na kuligundua hilo hakuhitaji siri yoyote. Putin alizaliwa Leningrad, leo St Petersburg, tarehe 7 Oktoba 1952. Aliingia kitivo cha sheria cha chuo kikuu cha jiji hilo mwaka 1970, akahitimu 1975. Kwa hiyo mwaka 1973 alikuwa mwanafunzi tu, kijana wa miaka ishirini. KGB, shirika la ujasusi na usalama la Kisovieti, ilimwajiri mwaka 1975, mwaka uleule Msumbiji ilipopata uhuru wake, na miaka yake ya mwanzo kazini aliimaliza palepale Leningrad.

Uongo huu unaniuma kuliko mwingine wote kuhusu mtu huyu, kwa sababu unafunika watu wetu. Kambi za wapigania uhuru za Kongwa na Nachingwea zilikuwepo kweli. Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja wa nchi za Afrika wa enzi hizo, ilikaa Dar es Salaam tangu 1963, na Brigedia Jenerali Hashim Mbita aliishika kama katibu mtendaji kuanzia 1972 hadi kazi ilipokwisha mwaka 1994. Mtoto anayekua akimjua "Putin wa kambini" bila kumjua Mbita amenyang'anywa historia yake mwenyewe.

Tukishaiweka picha hiyo kando, zinabaki dhana nyingine ambazo ni ngumu zaidi kuzing'oa, maana kila moja imechovywa kwenye ukweli kidogo.

"Alikuwa jasusi hatari wa daraja la kwanza"

Jasusi alikuwa. Daraja la kwanza ni habari nyingine. Baada ya mafunzo Moscow, alipelekwa Ujerumani Mashariki mwaka 1985. Makao makubwa ya KGB nchini humo yalikuwa Karlshorst, Berlin. Huko ndiko kulikokuwa na kazi nzito na wakubwa wenyewe. Yeye alipangiwa Dresden, mji wa mkoani, kwenye jumba moja la mtaa wa Angelikastraße lililokuwa na maofisa wachache. Kazi ilikuwa kukusanya taarifa, kuandika ripoti, na kutafuta watu ambao siku moja wangeweza kutumika Magharibi. Mwenyewe amesimulia jinsi alivyonenepa kilo 12 kwa bia ya Radeberg. Alipoondoka kwenye shirika, cheo chake kilikuwa luteni kanali. Ni cheo cha heshima, lakini si cha mtu aliyetikisa dunia.

Usiku unaotajwa sana ni wa tarehe 5 Desemba 1989. Ukuta wa Berlin ulikuwa umeanguka mwezi uliotangulia. Umati ulivamia ofisi za Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, na baadhi ya watu wakasogea hadi kwenye jumba la Warusi lililokuwa jirani. Putin alitoka nje, akajitambulisha kuwa mkalimani, akawaambia waondoke kwa sababu walinzi wana silaha. Wakaondoka. Huwa tunasimuliwa hadi hapo, ushujaa umekamilika. Kwa maelezo yake mwenyewe, usiku huo alipiga simu kwenye kikosi cha jeshi la Kisovieti kuomba msaada, akajibiwa kwamba hawawezi kufanya lolote bila amri ya Moscow, na Moscow iko kimya. Siku zile yeye na wenzake walichoma nyaraka mpaka tanuri likapasuka. Ukitaka kuelewa woga wake wa umati barabarani na chuki yake kwa serikali isiyopokea simu, anzia kwenye jibu lile.

Mapema mwaka 1990 alirudi nyumbani na mke, mabinti wawili na mashine kuukuu ya kufulia waliyopewa na majirani. Nchi iliyokuwa imemtuma ilikuwa imebakiza chini ya miaka miwili.

"Alikuwa akiwafanyia kazi Stasi"

Hii ilivuma mwaka 2018, kadi ya Stasi yenye jina na picha yake ilipopatikana kwenye hifadhi ya nyaraka ya Dresden. Kadi ni halisi, imetolewa mwaka 1985. Ila maofisa wa KGB waliokuwa wakishirikiana na Stasi walipewa kadi za namna hiyo ili wapite getini bila kujieleza kila siku. Mwajiri wake alibaki kuwa Moscow.

"Alitoka KGB moja kwa moja akaingia Ikulu"

Kati ya Dresden na Kremlin kuna miaka kumi, na ndani ya miaka hiyo kumi ndimo mwanasiasa alimotengenezwa. Watu huiruka kwa sababu haina bastola wala ndevu za bandia. Ina mafaili na vikao.

Alianza kama msaidizi wa mkuu wa Chuo Kikuu cha Leningrad kwa mambo ya kimataifa. Hapo alikuwa bado kwenye orodha ya KGB. Mwaka huohuo wa 1990 akahamia kwa Anatoly Sobchak, mwanasheria aliyewahi kumfundisha chuoni hapo na sasa alikuwa kiongozi wa jiji, mmoja wa nyota wa mageuzi ya kidemokrasia. Juni 1991, Sobchak akiwa meya, Putin akapewa kamati ya uhusiano wa nje wa jiji. Wahafidhina walipojaribu kumpindua kiongozi wa Kisovieti, Gorbachev, Agosti mwaka huo, mkuu wa KGB akiwa miongoni mwao, Sobchak alisimama upande wa Yeltsin, rais wa Urusi. Tarehe 20 Agosti, siku ya pili ya jaribio hilo, Putin alijiuzulu KGB. Kwa maelezo yake, alikuwa ameshaandika barua kabla ya hapo na ikapotelea njiani.

Kazi ya kamati ile ilikuwa kushughulika na wawekezaji, vibali vya biashara na kampuni za kigeni, katika mji ambao maduka yake yalikuwa matupu. Humo kuna doa ambalo kila mtu anayemsoma Putin anapaswa kulijua. Mwaka 1992 tume ya baraza la jiji, ikiongozwa na Marina Salye, ilichunguza vibali vya kuuza nje metali na malighafi nyingine zenye thamani ya takriban dola milioni 100, ambazo zilipaswa kuleta chakula jijini. Chakula kwa sehemu kubwa hakikufika. Tume ilipendekeza Putin aondolewe. Yeye alikana kosa, Sobchak akamkingia kifua, na mwaka 1994 akawa naibu meya wa kwanza.

Mwaka 1996 Sobchak aligombea tena, Putin akiwa kwenye uongozi wa kampeni, wakashindwa. Nasisitiza hili: mtu huyu alikuwa ndani kabisa ya uchaguzi wa ushindani, na aliupoteza. Alibaki bila kazi hadi Agosti, alipopata nafasi Moscow kwenye idara ya mali za Ikulu. Kuanzia hapo ngazi zilipandwa kwa kasi. Machi 1997 alikuwa naibu mkuu wa utumishi wa Ikulu, akisimamia ukaguzi. Mei 1998 akakabidhiwa uhusiano na mikoa. Tarehe 25 Julai 1998 Yeltsin akamfanya mkurugenzi wa FSB, mrithi wa KGB ndani ya nchi. Yaani alirudi kwenye usalama akitokea siasa na utawala, akiwa bosi. Wengi husimulia kinyume chake.

"Mtandao wa KGB ndio uliomweka madarakani"

Hapa watu hutoa ushahidi wa maneno yake mwenyewe. Desemba 1999, akiwa Waziri Mkuu, aliwatania maofisa wa FSB kwenye sherehe yao kwamba kikundi cha maofisa kilichotumwa kufanya kazi ya siri serikalini kinatekeleza jukumu lake vizuri. Waliokuwepo walicheka. Wengi wameyachukua maneno hayo kama ungamo.

Lakini kama kuwa mtu wa usalama kungetosha, rais angekuwa Yevgeny Primakov. Huyo aliongoza ujasusi wa nje wa Urusi kuanzia 1991 hadi 1996, akawa Waziri wa Mambo ya Nje, kisha Waziri Mkuu kuanzia Septemba 1998. Alikuwa maarufu kuliko Putin kwa mbali. Sergei Stepashin, aliyemfuata kama Waziri Mkuu, naye alikuwa amewahi kuongoza idara ya usalama wa ndani. Wote wawili walifukuzwa na Yeltsin mwaka 1999, mmoja Mei, mwingine Agosti. Mawaziri wakuu watatu mfululizo walitoka kwenye usalama. Aliyebaki ni mmoja.

Kilichomtofautisha, kwa maoni yangu, ni kwamba watu wa familia ya Yeltsin walikuwa wanatafuta mrithi ambaye hatawafikisha mahakamani, na Putin alikuwa ameshaonyesha mara mbili kwamba hamtupi aliyemlea. Mwaka 1997, Sobchak akiandamwa na wapelelezi wa rushwa, Putin alisaidia asafirishwe kwenda Paris. Mwaka 1999, mwendesha mashtaka mkuu Yuri Skuratov alipokuwa akichunguza rushwa ndani ya Ikulu, ilirushwa kwenye televisheni video ya mtu anayefanana naye akiwa na wanawake wawili. Putin, mkurugenzi wa FSB, alisimama mbele ya waandishi pamoja na Stepashin akathibitisha kwamba aliyeonekana ni Skuratov. Elimu ya ujasusi inaonekana hapo waziwazi. Lakini iliuzwa kwa mnunuzi aliyekuwa tayari ameketi kwenye kiti.

"Ujasusi ni njia ya mkato ya kupata kura"

Marekani hutajwa George H. W. Bush kama mfano, mkuu wa CIA aliyekuja kuwa rais. Mfuatano wake ni tofauti: Bush alichaguliwa kuwa mbunge wa Texas mwaka 1966, na CIA aliiongoza mwaka mmoja tu, kuanzia Januari 1976. Alikuwa mwanasiasa kwanza.

Kwetu tulikuwa na Bernard Membe, aliyeanzia Usalama wa Taifa, akaenda kwenye ubalozi wa Ottawa, Kanada, kisha akagombea ubunge wa Mtama mwaka 2000 akashinda. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje kuanzia 2007 hadi 2015. Mwaka 2015 vijiwe vingi viliapa kwamba "mtu wa kitengo" hawezi kukosa. Alifika tano bora ya CCM, akaishia hapo. Mwaka 2020 aligombea urais kwa tiketi ya ACT-Wazalendo, na kura hazikufika hata asilimia moja.

"Warusi walimchagua kwa sababu ya KGB"

Agosti 1999, Yeltsin alipomtangaza Putin kuwa Waziri Mkuu na mrithi anayemtaka, Warusi wengi walikuwa hawamjui. Duma, yaani bunge, lilimpitisha kwa kura 233, chache tu juu ya nusu ya viti. Kisha Septemba milipuko ikabomoa majengo ya makazi Buynaksk, Moscow na Volgodonsk, ikaua watu karibu 300. Serikali iliwalaumu wapiganaji wa Caucasus. Hadi leo wapo wanaobishana juu ya nani hasa alihusika. Jeshi likaingia Chechnya, na kila jioni raia alimwona kwenye televisheni Waziri Mkuu kijana, asiyelewa, anayeongea kwa mkato, baada ya miaka ya kumwona Yeltsin mgonjwa. Chama cha Umoja, kilichoundwa miezi michache tu kabla, kilipata takriban asilimia 23 kwenye uchaguzi wa bunge wa Desemba. Kambi ya Primakov ilipata 13, baada ya televisheni ya taifa kumsaga wiki baada ya wiki, hadi kuonyesha upasuaji wa nyonga ili watu wamwone mzee asiyefaa.

Tarehe 31 Desemba Yeltsin alijiuzulu, na kwa katiba Waziri Mkuu akawa Kaimu Rais. Siku hiyohiyo Putin alisaini amri ya kumpa rais mstaafu kinga ya kutoshtakiwa. Uchaguzi uliokuwa ufanyike Juni ukalazimika kufanyika ndani ya miezi mitatu, na wapinzani wakakosa muda wa kujipanga. Primakov alishajiondoa Februari. Tarehe 26 Machi 2000 Putin alipata karibu asilimia 53, Gennady Zyuganov wa chama cha Kikomunisti 29. Katika maisha yake yote, hiyo ilikuwa mara ya kwanza jina la Vladimir Putin kuwekwa kwenye karatasi ya kura, na lilipowekwa, mwenyewe alikuwa na miezi mitatu ofisini kwa rais.