Baladi ya roki ni wimbo wa namna gani?

Baladi ya roki ni wimbo wa taratibu unaopigwa na bendi ya roki, unaoanza kwa sauti ndogo na kupanda kidogo kidogo hadi bendi nzima inavuma pamoja. La kushika hapo ni kupanda. Wengi wakiulizwa watakuambia ni nyimbo za mapenzi za wanaume wenye nywele ndefu, na hawakosei sana: nyingi ni za mapenzi, na nywele zilikuwa ndefu kweli. Ila mapenzi huimbwa kila mahali, na nyimbo za taratibu zilikuwepo kabla gitaa la umeme halijabuniwa. Baladi ya roki hutambulikana kwa jinsi nguvu inavyozuiliwa mwanzoni ili iachiliwe baadaye.

Asiyeona tofauti na asikilize "More Than Words" ya bendi ya Extreme, iliyoshika namba moja Marekani mwaka 1991. Waliopiga ni watu wa roki, wimbo ni wa taratibu, tena wa mapenzi. Lakini ni gitaa moja na sauti mbili tangu mwanzo hadi mwisho, na dramu haziingii. Mikusanyiko ya baladi huuweka wimbo huo bila kusita; mimi nauita wimbo mtulivu tu, kwa sababu unaishia pale pale ulipoanzia.

Sasa tuone huko kupanda kunavyotengenezwa. Kinachofungua ni piano, au gitaa ambalo nyuzi zake zinadonolewa moja moja. Mwimbaji hupita ubeti wa kwanza karibu peke yake, sauti iko chini, mdomo uko jirani na maikrofoni. Besi hujipenyeza. Dramu husubirishwa, pengine hadi kibwagizo cha kwanza, pengine hadi ubeti wa pili, na zikiruhusiwa huja na pigo zito lililoongezewa mwangwi. Kibwagizo huletewa gitaa la umeme lenye mkwaruzo, na sauti za kuitikia hurekodiwa safu juu ya safu ili waimbaji watatu wasikike kama kundi kubwa. Halafu solo ya gitaa, yaani sehemu ambayo gitaa linaongoza bila mwimbaji, ambayo katika baladi haiendi mbio. Inapaswa kuwa na melodi ambayo msikilizaji anaweza kuifuatisha kwa mdomo. Baada ya solo, nyimbo nyingi hupandishwa kii, yaani melodi ile ile inahamishiwa juu, na mwimbaji analazimika kufika mahali ambapo sauti yake inakaribia kupasuka.

Katika hayo yote, mwendo haubadiliki. Wimbo ulioanza na midundo kama 70 kwa dakika huishia na midundo hiyo hiyo 70. Kinachoongezeka ni uzito, upana na urefu wa sauti. Ndiyo maana msikilizaji huhisi wimbo umekua wakati mguu wake bado unapiga polepole vile vile. Mtayarishaji anayeruhusu dramu mapema mno ameshautumia mtaji wote kabla ya kibwagizo, na hakuna solo itakayomwokoa.

Mmoja wa mifano ya awali haukutoka hata kwa bendi ya roki. Mwaka 1972 The Carpenters, kaka na dada wa Marekani waliojulikana kwa nyimbo laini, walitoa "Goodbye to Love". Ni wimbo wa huzuni, na Richard Carpenter alimwita mpiga gitaa Tony Peluso aweke ndani yake solo yenye mkwaruzo mkali. Baadhi ya mashabiki waliandika barua za hasira, wakidai wapendwa wao wamejiuza kwa roki. Ukiusikiliza leo unaweza kujiuliza walikasirikia nini hasa. Lakini jambo hilo lingejirudia kila mara, kwa kuwa baladi ya roki huwakutanisha watu wa kambi mbili ambao kwa kawaida hawasikilizi pamoja, na lazima upande mmoja uone umesalitiwa.

Wakati mwingine mlalamikaji yumo ndani ya bendi. Jonathan Cain alikuwa na wazo la "Open Arms" tangu akiwa mpiga kinanda wa bendi ya The Babys, ambako mwimbaji John Waite alilikataa. Alipohamia bendi ya Journey aliumalizia wimbo huo pamoja na mwimbaji Steve Perry, na safari hii aliyekunja uso ni mpiga gitaa Neal Schon, aliyeona haifai bendi ya roki kupiga kitu kama hicho. Mwaka 1982 wimbo ulikaa wiki sita katika nafasi ya pili ya chati ya Billboard, orodha ya nyimbo zinazoongoza Marekani. Mwaka uliofuata Cain alileta "Faithfully", kuhusu ndoa ya mwanamuziki anayeishi barabarani, na safari hiyo bendi haikuwa na sababu ya kubisha.

Ni huyo huyo Cain aliyepigiwa simu na Prince, mwanamuziki wa Minneapolis, Marekani. Prince alikuwa na wimbo mpya aliouogopea kwamba unafanana na "Faithfully", akataka mwenyewe ausikie kwanza. Cain alimtuliza: zilizofanana ni kodi chache tu, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja. Wimbo huo ulikuwa "Purple Rain". Rekodi yake ya msingi ilifanyika jukwaani, tarehe 3 Agosti 1983, katika ukumbi wa First Avenue mjini Minneapolis, kwenye onyesho la kuchangia kikundi cha Minnesota Dance Theatre. Mpiga gitaa Wendy Melvoin alikuwa na miaka 19, na huo ulikuwa usiku wake wa kwanza jukwaani na bendi. Baadaye studioni Prince alikata ubeti mmoja na kuongeza vayolini na selo. Toleo la albamu lina dakika 8 na sekunde 41, na karibu nusu yake ya mwisho haina beti: mwimbaji amemaliza maneno, gitaa linachukua zamu, kisha unafuata mwito usio na maneno ambao ukumbi mzima unaweza kuudaka. Sijui baladi nyingine inayoliamini gitaa kiasi hicho. Mwaka 2007 Prince aliupiga wakati wa mapumziko ya Super Bowl, fainali ya futiboli ya Marekani, mjini Miami, mvua halisi ikimnyeshea.

Televisheni ndiyo iliyoigeuza baladi kuwa biashara ya kupangwa. MTV, stesheni ya video za muziki, ilianza Agosti 1981, na miaka minne baadaye Mötley Crüe, bendi ya makelele, ilitoa "Home Sweet Home", ambamo mpiga dramu Tommy Lee anafungua kwa piano. Kwenye chati ya Billboard iliishia nafasi ya 89, lakini video yake iliombwa na watazamaji kupita kiasi. Kampuni za rekodi zilisoma alama hizo. Bendi ikawa inatoa kwanza singo kali ya kuwaridhisha mashabiki wake, kisha baladi ya kuwafikia wengine wote. Bendi ya Poison walitoa "Every Rose Has Its Thorn" ikiwa singo ya tatu ya albamu yao ya 1988, na ndiyo pekee iliyowafikisha namba moja Marekani.

Wakosoaji hawakuwa na huruma. Walisema ni muziki wa kukokotolewa, machozi ya kiwandani, na kwa nyimbo nyingi za miaka ile walikuwa sahihi. Ila nadhani sehemu ya dharau hiyo ililengwa kwa wasikilizaji zaidi ya wimbo. Baladi ndizo zilizowaleta wasichana kwa wingi kwenye kumbi za roki, na wapo waliochukulia hilo kuwa ushahidi tosha kwamba muziki umeharibika. Wasikilizaji wenyewe waliwasha viberiti vya gesi na kuviinua juu. Siku hizi huwashwa taa za simu, ambazo angalau haziunguzi kidole gumba.

Malalamiko ya kambi ya roki yalifika kilele Metallica, bendi ya metali, yaani roki nzito, walipotoa albamu yao ya 1991. Mwimbaji James Hetfield alikuwa akizungumza na mpenzi wake kwenye simu, mkono mmoja umeshika simu na mwingine ukidonoa gitaa. Kwa hiyo mwanzo wa "Nothing Else Matters" ni nyuzi nne zilizoachwa wazi, E, G, B na E ya juu, bila kidole hata kimoja cha mkono wa kushoto. Hakuutunga kwa ajili ya bendi. Mpiga dramu Lars Ulrich alipousikia ndipo ulipoingizwa. Solo katika rekodi ni ya Hetfield mwenyewe, na Kirk Hammett, mpiga solo wa bendi, hasikiki humo. Michael Kamen aliandika sehemu za okestra. Mashabiki wa zamani wa metali walisema bendi imejiuza. Mwaka 1999 Metallica waliupiga pamoja na San Francisco Symphony, Kamen akiongoza, na umati uliuimba kwa sauti.

Si lazima mada iwe mapenzi, hata hivyo. Klaus Meine, mwimbaji wa Scorpions, bendi ya Hannover, Ujerumani, alitunga "Wind of Change" baada ya kushiriki tamasha la roki mjini Moscow Agosti 1989. Kampuni ya rekodi ilitaka mluzi wa mwanzoni uondolewe; Meine alikataa, na mluzi huo sasa ndio wa kwanza kutajwa. Wimbo ulitoka baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka, na Wajerumani wengi wakaufungamanisha na tukio hilo moja kwa moja. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, Meine alibadilisha mstari unaoitaja Moscow. Wimbo wa matumaini ulikuwa umepitwa na habari, naye hakutaka kuuimba kana kwamba hajui.

Baada ya 1991 bendi za mji wa Seattle, zenye roki ya mkwaruzo isiyo na madoido iitwayo grunge, zilizifanya nyimbo hizi zionekane za kizamani, lakini mbinu haikufa. Bendi ya Aerosmith inaonyesha ilikokwenda. "Dream On", ambayo mwimbaji Steven Tyler aliitunga mwenyewe kwenye piano, ilitolewa 1973 ikaishia nafasi ya 59, na ilihitaji kutolewa upya ili ifike ya 6 mwaka 1976. Mwaka 1998 bendi hiyo hiyo ilirekodi "I Don't Want to Miss a Thing" kwa ajili ya filamu, pamoja na okestra. Mtunzi alikuwa Diane Warren, ambaye hajawahi kuwa mwanabendi wa roki, naye alijua kila hatua ya kupanda inakaa wapi. Wimbo uliingia Billboard moja kwa moja katika namba moja, ambayo Aerosmith hawakuwahi kuifikia kabla wala baadaye.