Kwa nini kikombe kimoja humrudisha mtu kwenye pombe aliyokwisha kuiacha?

Mtu ameacha chang'aa, pombe kali ya kienyeji, miezi minne. Ijumaa anaenda kukesha matanga huko Siaya, anapokezwa kikombe cha busaa, pombe ya nafaka, anakunywa. Jumatatu kazini Kisumu haonekani. Yuko kwa mama pima, muuza chang'aa. Majirani wanasema pombe imemshinda.

Lakini kikombe kimoja cha busaa hakimleweshi mtu siku tatu. Kilichomfikisha huko ni maneno aliyojiambia baada ya kukimeza: "Nimeshaharibu. Mimi ni mlevi tu, nilikuwa najidanganya. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga." Methali nzuri, ila hapa imetumwa kazi mbaya.

Mwaka 1985 wanasaikolojia wa Marekani, Alan Marlatt na Judith Gordon, walieleza tofauti kati ya kuteleza na kurudi kwenye ulevi. Aliyeteleza akiamini kosa limetoka kwenye udhaifu wake usiobadilika, anajaa aibu, na aibu amezoea kuituliza kwa pombe. Akiliona limetokana na mahali, saa na watu aliokuwa nao, ana la kufanya: safari ijayo afike asubuhi ya mazishi, asikeshe.

Ubongo nao una mchango wake. Pombe hutuliza mishipa ya fahamu, na ubongo wa mnywaji wa kila siku hujizoeza kujikaza ili usizidiwe. Pombe ikiondoka, ule mkazo hubaki: usingizi wa mang'amung'amu, wasiwasi, huzuni, pengine kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana wazo la "sitapona" huja na nguvu wakati mtu yuko njiani kupona.

Wazo hilo halifukuzwi kwa kukemewa. Huhojiwa. Mshauri anamwomba mtu alitamke lilivyo, kisha anauliza: ile miezi minne ilikwenda wapi? Nani alikuwa akilipa karo wakati huo? Rafiki yako akiteleza mara moja, ungemwita hivyo? Majibu yakipatikana, mtu anaunda sentensi nyingine ya kweli, si ya kujipaka mafuta: "Jana nilikunywa. Leo sijanywa."

Si mambo ya Marekani pekee. Huko Eldoret, tiba ya namna hii ilijaribiwa kwa watu zaidi ya 600 wanaoishi na virusi vya UKIMWI na waliokuwa wakinywa kupita kiasi. Walikutana kwa vikundi, wanaume kwao na wanawake kwao, wakiongozwa na watu wa kawaida waliofunzwa kazi hiyo, si madaktari. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha kuwa waliopata tiba hiyo walipunguza siku za kunywa kuliko wenzao waliopewa mafunzo ya afya tu.

Anayekunywa kila siku asikate ghafla akiwa peke yake nyumbani. Mikono ikitetemeka, akitokwa jasho au kuona visivyokuwepo, apelekwe hospitali mara moja, kwani degedege la kuacha pombe huweza kuua. Kwa ushauri, NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ina simu ya bure, 1192.