Kigali haifagiwi mara moja kwa mwezi

Kila Kigali ikilinganishwa na Dar es Salaam au Nairobi, utasikia: wenzetu wana umuganda, ile kazi ya pamoja ya jamii, sisi ni wachafu kwa tabia. Umuganda upo kweli, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, lakini asubuhi hiyo watu pia huzibua mitaro, hupanda miti, hukarabati barabara. Usafi wa kila siku unatokana na wafagiaji wanaolipwa, wengi wao akina mama, wanaoshika ufagio tangu alfajiri. Mifuko ya plastiki Rwanda iliipiga marufuku 2008. Kenya 2017, Tanzania 2019. Tena Kigali ina watu milioni 1.7 hivi, Dar zaidi ya milioni 5. Kumlaumu mkazi wa Manzese, mtaa wa Dar ambako vichochoro vingi havipitishi gari la taka, ni kumwonea.