Fani ipi ni kali zaidi vitani? Dhana potofu kuhusu wahusika wa michezo ya dadu

Karibu kila meza ya michezo ya kuigiza wahusika ina mtu anayeuliza, hata kabla hajampa mhusika wake jina: fani ipi, yaani aina ipi ya mhusika, kama mpiganaji au mchawi, ni kali zaidi vitani? Majibu huja upesi, na mengi hayajapimwa. Nimecheza kwa miaka, mara kama mchezaji, mara kama mwendesha mchezo (anayesimulia hadithi na kuwachezesha maadui), na nimeona watu wakiwatupa wahusika waliowapenda kwa kuwa wameambiwa "hiyo fani ni dhaifu". Inaniuma, basi tupige hesabu. Natumia kanuni za Dungeons & Dragons toleo la 5, zile za 2014, na wahusika wa ngazi ya 5. Hapo ndipo mpiganaji anapoanza kupiga mara mbili kwa zamu moja, na mchawi naye anapopata afsuni ya Mpira wa Moto.

Dhana: Mchawi humzidi mpiganaji siku zote

Hii ndiyo kubwa, na ina ukweli ndani yake, ndiyo maana haifi.

Mpira wa Moto ni dadu nane za pande sita, wastani wa pointi 28 za uhai anazopoteza adui. Anayefanikiwa kujinusuru kwa kurusha dadu huumia nusu. Tukichukulia kwamba nusu ya maadui hujinusuru, kila aliyemo ndani ya moto hupoteza pointi 21 kwa wastani. Mpiganaji mwenye upanga wa mikono miwili huumiza pointi 11 kwa pigo. Akilenga vizuri mara 6 kati ya 10, mapigo yake mawili yanampa 13.2 kwa zamu. Kwa jicho la zamu moja, kesi imekwisha.

Lakini mchawi wa ngazi hiyo ana nafasi mbili tu za afsuni ya ukubwa huo kwa siku, na akipata mapumziko mafupi, yale ya kuvuta pumzi bila kulala, anaweza kurudisha moja. Zikiisha, anabaki na mshale wake mdogo wa moto, ambao kwa shabaha ileile ya 6 kati ya 10 ni pointi 6.6 kwa zamu. Upanga wa mpiganaji hauishi. Tena ana ule msukumo wa kutenda mara mbili katika zamu moja, nao hurudi kila baada ya mapumziko mafupi.

Mwongozo wa mwendesha mchezo wa 2014 unasema kundi linaweza kuhimili mapambano 6 hadi 8 ya wastani au magumu kwa siku. Chukua sita, kila moja zamu tatu, na mapumziko mafupi mawili katikati. Mpiganaji anafikisha pointi 277. Mchawi akikutana na adui mmoja mmoja anapata 162. Akikuta watatu wamesongamana kila anaporusha moto, anapata 288. Wanakwenda bega kwa bega. (Nimeziacha afsuni zake ndogo, kwa ninavyoona mezani, nyingi huishia kuulinda mwili wake mwenyewe.)

Sasa fanya siku iwe na pambano moja tu la zamu tatu, na maadui walewale watatu waliosongamana. Mchawi 133, mpiganaji 53.

Hapo ndipo dhana inapozaliwa. Meza nyingi huwa na pambano moja kubwa, kisha watu wanalala na mchawi anaamka amejaa tena. Kinachomfanya mpiganaji aonekane mnyonge ni ratiba ya siku, na ratiba iko mikononi mwa mwendesha mchezo. Ukiona mpiganaji wako amepooza, kabla ya kumlaumu hesabu mapambano yaliyopita tangu mapumziko marefu ya mwisho, yaani yale ya kulala.

Mpira wa Moto pia hujaza duara la futi 20 kila upande kutoka katikati, na hauchagui rafiki wala adui, isipokuwa mchawi amesomea njia ya kuwakinga wenzake. Kwenye ujia mwembamba ambako mpiganaji tayari ameshikana na vibwengo, afsuni hiyo haina kazi.

Dhana: Mchawi amekuwa mbabe wa mchezo tangu mwanzo

Hapana. Mchezo ulipotoka mwaka 1974 kulikuwa na fani tatu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mchawi wa ngazi ya 1 alikuwa na afsuni moja kwa siku, basi. Aliyefika ngazi za juu alitisha kweli, ila kufika huko akiwa hai ilikuwa kazi.

Dhana: Mwizi lazima ajifiche ndipo achome kisu cha mgongo

Mwizi aliingia kwenye kanuni mwaka 1975, na hadi leo watu wanamcheza kana kwamba bila kivuli hana maana. Kanuni za 2014 zinamruhusu kuongeza dadu zake za shambulio la kuvizia endapo mwenzake yeyote aliye timamu yuko ndani ya futi 5 za adui, mradi silaha ni nyepesi ya kuchezeka au ya kurushia mbali, na hakuna kitu kinachomharibia shabaha. Haihitaji giza wala pazia.

Upande wa pili wako wanaomwona muuaji mkuu kwa sababu anarusha dadu nyingi. Pigo lake la ngazi ya 5 ni pointi 19 kwa wastani, lakini ni pigo moja. Kwa shabaha ileile anapata 11.4 kwa zamu, chini kidogo ya mpiganaji, na mara 4 kati ya 10 hapati kitu kabisa. Mpiganaji hukosa mapigo yote mawili mara 16 tu kati ya 100. Mwizi mjanja hufidia kwa kupiga nje ya zamu yake adui anapokimbia, kwa sababu kikomo ni mara moja kwa kila zamu, na zamu ya mwingine nayo ni zamu.

Dhana: Mwenye pointi nyingi za uhai ndiye ukuta

Ukuta ambao adui anaweza kuuzunguka si ukuta. Katika toleo hili adui anayempita mbabe wako anahatarisha pigo moja tu la papo hapo, na wa pili akipita hapigwi, maana mwitikio, nafasi yake moja ya kujibu nje ya zamu, umeshatumika. Msimamishe mlangoni.

Dhana: Kazi ya kasisi ni kutibu

Hii ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu inawanyima watu fani nzuri. Tiba ya msingi ya 2014 inarudisha pointi 8.5 kwa kasisi mwenye hekima nzuri. Rungu la zimwi linaondoa 13 kwa pigo moja. Ukishindana nalo kwa tiba, umeshindwa. Na mhusika mwenye pointi 1 ya uhai anapiga sawasawa na mwenye 44, kwa hiyo tiba yenye faida kubwa ni ile ya kumwinua aliyekwisha kuanguka. Kasisi wa 1974 wa ngazi ya 1 hakuwa na afsuni hata moja: alivaa deraya, akashika rungu, akapigana.

Kuna pambano moja kwenye meza yetu ambalo sijalisahau. Kasisi wetu, ambaye jioni nzima alikuwa anaombwa atibu, alikataa, akamtupia kiongozi wa majambazi afsuni ya kumgandisha. Jambazi hakujinusuru. Kanuni zinasema pigo linalompata aliyeganda kutoka ndani ya futi 5 ni pigo kuu, dadu zote mara mbili. Mwizi akasogea, akarusha dadu ya pande 20 mara mbili na kuchukua iliyo kubwa, akapata, kisha akamwaga mezani dadu nane zikigongana na vikombe. Wastani wa pigo la namna hiyo ni 34. Kwenye karatasi ya mahesabu pointi zote ziliandikwa kwa mwizi, na kasisi akaandikiwa sifuri.