Nani Atajua Ukidanganya? Swali Lililonichosha kuhusu Mchezo wa Mtu Mmoja

Juma lililopita mgeni mwingine alisimama kando ya meza yangu ya chakula, ambayo kwa siku tatu haikuwa imewekewa hata sahani moja, akavitazama vijisanamu vya Shadows of Brimstone, mchezo wa mezani, vilivyopangwa ndani ya mgodi wa kadibodi, kisha akauliza lile lile: "Sasa ukicheza peke yako, nani atajua ukidanganya?" Alicheka, nami nikacheka kwa adabu, ingawa nimeulizwa swali hilo mara nyingi kiasi kwamba ninaweza kulitambua usoni mwa mtu kabla hajafungua kinywa.

Nitapita haraka kwenye mambo ya msingi. Mchezo huu wa Flying Frog Productions ulitoka mwaka 2014 katika masanduku mawili yanayojitegemea, nao unatupeleka magharibi ya Marekani ya karne ya 19, kwenye migodi ya Brimstone, ambako jiwe jeusi limeharibu viumbe na kufungua milango ya dunia nyingine. Unaongoza kundi la mashujaa (mimi hutumia wawili, Mhubiri na Mpiga Bastola, baada ya kumzika Saloon Girl, yaani msichana wa baa, ambaye, ndugu zangu, hakuwa msusi wa nywele), na kila anayenusurika hubeba majeraha, wazimu na mali yake hadi safari inayofuata. Kuhusu kugundisha vipande vya plastiki nitasema tu kwamba buibui wale wadogo wamenitia gundi vidoleni kuliko adui yeyote mkubwa.

Anayeuliza swali lile kwa kawaida amezoea bao au karata, ambako mpinzani ana macho ya kukuona unapoficha kete. Hapa maadui huongozwa na kadi, majedwali na dadu, na kila mwanzo wa raundi shujaa mwenye kandili hurusha dadu mbili kulizuia Giza, yaani uovu unaojaribu kutoka mgodini. Akishindwa, alama ya Giza husogea hatua moja kuelekea mlango wa mgodi. Giza halina hila ninayoijua mapema wala hasira ninayoweza kuichokoza. Wala jambo hili si geni, kwani Donald Featherstone wa Uingereza alikwisha kuandika kitabu kizima kuhusu michezo ya vita ya mtu mmoja mwaka 1973.

Kuhusu udanganyifu wenyewe, ule wa kugeuza dadu kwa kidole, sina la kusema ila kwamba unachosha. Tena mchezo umekwisha kuweka njia halali ya kurusha upya: unatumia alama ya ujasiri, nazo ni chache, hivyo anayerusha upya bila kulipa amejiibia kitu ambacho kingempa raha ya kukipima.

Kinachonikera ni kwamba swali hilo linaficha hatari halisi, ambayo ni mahali ambapo kanuni zimenyamaza na mkono wako ndio unaosema. Chukulieni mfano wa juzi. Mpiga Bastola wangu amebanwa kwenye pembe ya chumba, buibui watatu wamemkaribia upande wa kushoto, na wa nne anaingia. Kuna miraba miwili iliyo wazi, yote inagusana na shujaa, na yote iko umbali ule ule. Buibui huyo akisimama kushoto, atakuwa ameungana na wenzake, na baruti moja iliyo mkobani mwa Mhubiri inaweza kuwamaliza wote kwa mlipuko mmoja. Akisimama kulia, baruti hiyo haitamfikia. Hakuna aliyenikataza kumweka kushoto. Mkono wangu ulikwisha kumnyanyua na ulikuwa unaelekea kushoto kabla sijafikiri lolote, nao ulikwenda huko kwa utulivu wa mtu asiye na hatia. Huo si udanganyifu, kwa kuwa hakuna kanuni iliyovunjwa, lakini ukifanyika mara kumi katika usiku mmoja unakuwa umecheza mchezo mwingine, mwepesi zaidi, huku ukijisifu kwa ushindi.

Kwa hiyo nina utaratibu ambao wageni wangu huuona kuwa wa kichaa. Kila palipo na chaguo mbili zilizo sawa kwa adui, ninazitaja kwa sauti, ninazipa namba, kisha ninarusha dadu: 1 hadi 3 kushoto, 4 hadi 6 kulia. Kutaja kwa sauti ni muhimu, kwa sababu chaguo lililobaki moyoni hubadilika dadu linapotua. Maneno ya kadi yakiwa na utata, ninaandika tafsiri yangu kwenye daftari kabla ya kujua itamnufaisha nani, na tafsiri hiyo inabaki hadi kampeni, yaani mfululizo mzima wa safari, iishe, hata ikiniua. Yule buibui, kwa taarifa yenu, alikwenda kulia.

Lakini kuna jambo moja ambalo bado linanisumbua, nalo ni kusahau. Raundi zikienda kasi husahau kusogeza alama ya Giza, au husahau kwamba shujaa alikuwa na bonasi ya ulinzi, na ninakumbuka baadaye wakati haiwezekani tena kurudisha mambo nyuma. Desturi yangu ni kwamba kosa lililonifaa ninalilipia, na kosa lililowafaa maadui ninaliacha lipite. Nilidhani huo ndio uadilifu, hadi nilipolipitia daftari na kuona makosa 14 ya aina ya pili katika kampeni moja, likiwemo lile la usiku ambao Saloon Girl aliangushwa akiwa na bonasi ambayo sikuihesabu. Sijui kama aliuawa na mgodi au na woga wangu wa kuulizwa lile swali. Kijisanamu chake kipo bado rafuni, nami sijaamua kama nina haki ya kumrudisha.