Hampstead hawakuwa tasa

Nimeulizwa tena: eti Uingereza ya mwanzoni mwa karne iliyopita mabinti waliolewa wakiwa na miaka 14? Sheria iliruhusu hata miaka 12, mpaka ilipobadilishwa mwaka 1929. Lakini ruhusa ni jambo moja, na watu walivyoishi ni jingine. Mwaka 1911 bibi harusi wa kawaida alikuwa na miaka 25 na ushei, na bwana harusi 27. Hilo limekwisha.

Linalonikera hasa ni kushika kiwango ghafi cha uzazi cha mtaa, yaani vizazi vyote kwa kila wakazi 1,000, wawe ni nani, na kukitolea hukumu. Hampstead, mtaa wa wenye nacho London, ulikuwa na vizazi vichache kwa kila wakazi 1,000. Shoreditch ya makabwela ilikuwa navyo tele. Basi matajiri wamegoma kuzaa! Wakazi wenyewe ni akina nani, lakini? Chukua nyumba moja ya Hampstead: mke mmoja, na dada wa kazi watatu wanaolala darini, wote hawajaolewa, maana ukiolewa kazi unaiacha. Mama mwenye nyumba akijifungua, mtoto huyo mmoja anagawanywa kwa wanawake wanne. Shoreditch nani alikuwa na dada wa kazi? Gawa vizazi vya ndoa kwa wake wenye umri wa kuzaa, ndipo ulinganishe. Madaktari wa takwimu Newsholme na Stevenson walilipigia kelele suala hili tangu 1906. Pengo linapungua, kufutika halifutiki.

Kiwango cha ndoa nacho kina mtego. Msajili Mkuu, aliyesimamia takwimu za vizazi, vifo na ndoa, alihesabu watu waliooana, si harusi, kwa hiyo 15 kwa 1,000 ni harusi saba na nusu. Tena ndoa iliandikwa ilikofungwa, mara nyingi kanisani kwa kina bibi harusi, na maharusi wakahamia kwingine. Usigawe vizazi vya mtaa kwa ndoa zake za mwaka huohuo, tafadhali.

Sensa ya 1911 iliwauliza wake watoto wangapi walizaliwa hai na wangapi wamekufa. Wajane hawakuhusika, baadhi walijaza hata hivyo, na majibu yao yakafutwa kwa mstari. Ndiyo maana natembea kwa tahadhari na majedwali yale: ndoa zilizovunjwa na kifo hazimo. Na kuna shaka nyingine. Kati ya 1876 na 1911 kiwango cha uzazi cha Uingereza na Wales kilishuka kutoka takriban 36 hadi 24 hivi kwa 1,000. Waliongeza muda kati ya mtoto na mtoto, au walifika wa tatu wakakoma? Kwenye kiwango ghafi, yote mawili yanaonekana sawasawa.